Sikio la Dereva Halifungwi
Mazungumzo na watumiaji wa barabara, Tosamaganga, Iringa



Leo nazungumza nanyi juu ya kifaa kidogo kinachofichika katika kiganja cha mtoto: visikilizi vya masikioni visivyo na waya, vile ambavyo vijana huviita eafoni, na hasa aina inayouzwa kwa sifa ya kuzima kelele. Dereva mmoja alinifikishia swali ambalo nimeona linafaa kujibiwa mbele ya watu wote. Alisema: "Mimi naendesha Iringa hadi Mbeya karibu kila juma. Kelele za barabara hunichosha kuliko usukani wenyewe. Je, nikinunua visikilizi hivi nikavivaa safarini, nitakuwa nimekosea?"

Swali hilo ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa kukemewa. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Katika mwendo huo wote tairi husaga lami, upepo hupiga vioo, na injini ya dizeli hunguruma chini ya miguu. Kelele ya namna hiyo, isiyopanda wala kushuka, huchosha akili polepole kama mzigo mwepesi unaobebwa kutwa nzima. Anayetafuta nafuu hana kosa. Linalobaki ni kujua nafuu hiyo inapatikana kwa njia gani na kwa gharama gani.

Tuanze na jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Sauti ni wimbi linalosafiri hewani. Mawimbi mawili ya maji yakikutana, moja likiwa linapanda pale pale ambapo jingine linashuka, maji hutulia. Kisikilizi cha kuzima kelele hutumia kanuni hiyo. Kina kinasasauti kidogo kinachopokea kelele ya nje, na ndani yake mna kikokotozi kinachotengeneza wimbi lililo kinyume cha kelele hiyo, kisha mawimbi hayo mawili hufutana kabla ya kufika kwenye ngoma ya sikio. Wazo hili si jipya. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1936. Mwaka 1978 Amar Bose, akiwa ndani ya ndege iliyotoka Ulaya, alianza kufikiri jinsi ya kulitumia kupunguza ngurumo za injini, na mwaka 1989 kampuni yake ikaanza kuuza visikilizi vya marubani.

Hapo ndipo wengi hupotoka. Husema: "Kama rubani huvivaa, dereva ana kosa gani?" Tofauti ni hii. Rubani huvaa visikilizi kwa sababu sauti anazozihitaji humfikia kupitia humo humo. Mwongoza ndege huzungumza naye sikioni, na rubani mwenzake vilevile. Hakuna honi ya lori angani, wala mtoto anayelia kando ya njia. Sauti anazozihitaji dereva wa Kitonga ziko nje ya kifaa. Rubani huviba masikio ili asikie vizuri zaidi. Dereva akiyaziba, hupoteza kile alichokuwa akikisikia.

Naomba niwape ushuhuda wangu, kwa kuwa sikuyajua haya kwa kusoma tu. Nilinunua visikilizi hivyo kabla sijapata hekima hii. Siku moja nilikuwa nikitoka Makambako kuja Iringa, nimempakia mama mmoja na wajukuu wake wawili. Nilipoviwasha, kelele za gari zilizama kama jiwe kisimani, nami nikafurahi. Tulipokwisha kuipita Mafinga, nikaona kwenye kioo lori likiwasha na kuzima taa nyuma yangu. Nilidhani dereva wake ana haraka, nikampisha. Hakupita. Akaendelea kuwasha taa, na hatimaye nikaegesha kando. Aliposhuka alinionyesha gurudumu la nyuma: nati mbili zilikuwa zimekwisha kudondoka, na zilizobaki zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Alikuwa amepiga honi kwa muda mrefu. Nikamgeukia yule mama nikamuuliza kama alisikia chochote. Akanijibu kwa upole: "Baba, gari limekuwa likigonga tangu mjini. Nilidhani unasikia."

Neno hilo halijaniacha hata leo. Abiria huamini kwamba dereva anasikia anachokisikia yeye, na tena anakielewa kuliko yeye. Ndiyo maana hunyamaza. Dereva aliyeziba masikio huvunja imani ambayo hakuna aliyemwambia kuwa amekabidhiwa.

Sasa tuangalie hoja ya wauzaji. Husema kwamba kifaa huondoa mngurumo tu, na kwamba king'ora na honi bado vitasikika. Kuna ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Ni kweli kwamba teknolojia hii hufanya kazi vizuri zaidi kwa sauti nzito zinazoendelea bila kukatika, na hushindwa kwa sauti kali za ghafla. Lakini zingatieni mambo manne.

La kwanza, mpira wa kisikilizi wenyewe huziba tundu la sikio, na huzuia hata zile sauti kali ambazo kikokotozi hakiziwezi. Ukiongeza muziki juu yake, honi ya mbali imekwisha kufunikwa.

La pili, sauti nyingi za hatari ni zile zile nzito zinazoendelea. Beringi ya gurudumu inayokufa huanza kwa mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Tairi linalopoteza upepo hubadili mlio wake kabla usukani haujavuta. Lori linalokusogelea nyuma mteremkoni hutangulizwa na ngurumo yake. Kifaa hakijui ipi ni kelele na ipi ni onyo. Kwake zote ni mngurumo wa kufutwa.

La tatu, masikio mawili yakiwa wazi hutuambia sauti inatoka upande gani. Yakizibwa, mtu anaweza kusikia king'ora asijue kama gari la wagonjwa liko mbele, nyuma au kwenye njia panda. Sisi tunaoishi karibu na Hospitali ya Tosamaganga twajua maana ya kulipisha gari hilo bila kusitasita.

La nne, mvumo wa upepo na tairi humsaidia dereva kukadiria kasi yake. Ukiuondoa, mwendo huweza kuonekana kuwa mdogo kuliko ulivyo, na mguu ukazidi kukanyaga mafuta bila mwenyewe kutambua.

Wako watakaosema: "Mbona duniani wapo viziwi wanaoendesha magari kwa usalama?" Wapo, na tuwaheshimu. Lakini mtu huyo amejifunza miaka mingi kutumia macho na vioo mahali pa masikio. Aliyeziba masikio yake leo asubuhi hajajifunza hilo. Bado anaendesha kama mtu anayesikia, ilhali hasikii.

Kwa madereva wa mabasi na malori jambo hili ni zito zaidi. Katika lori lenye breki za upepo ipo kengele inayolia upepo unaposhuka chini ya kiwango. Aliyepita Kitonga na mzigo, au aliyeteremka Iwambi kuelekea Mbalizi, haitaji kuelezwa thamani ya kengele hiyo. Pale reli ya TAZARA inapokatiza barabara, honi ya treni husikika mara nyingi kabla treni haijaonekana. Na utingo anayepiga bodi la gari kwa kiganja kumzuia dereva anayerudi nyuma, hana simu wala redio. Ana mkono wake na sikio la dereva.

Kuhusu sheria, nchi mbalimbali zina taratibu zao. Ufaransa ilipiga marufuku visikilizi vya masikioni kwa anayeendesha mwaka 2015. Jimbo la California nchini Marekani haliruhusu dereva kuziba masikio yote mawili. Hapa kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva awe mwangalifu, na kuendesha kwa uzembe ni kosa. Lakini msingojee askari awe ndiye sababu ya kuvua visikilizi. Gurudumu langu lilipokuwa likilegea, hapakuwa na askari.

Je, kifaa hiki ni kibaya basi? La, hasha. Kwa abiria ni neema. Anayesafiri kutwa nzima katika basi lenye ngurumo huweza kupumzika, na tena huweza kusikiliza kwa sauti ya chini, kwa kuwa halazimiki kushindana na injini. Hilo hulinda masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa juma, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda huo unavyopungua upesi. Uharibifu wa masikio utokanao na kelele hauponi. Hata hivyo abiria naye avue mara kwa mara, hasa basi linaposimama, ili asikie matangazo ya kondakta, asipitilize kituo, na ajue mzigo wake uko wapi. Na akiona dereva amevaa visikilizi, amwambie kwa adabu. Ana haki hiyo, kwa kuwa amelipa nauli na amekabidhi uhai.

Kwa dereva anayechoshwa na kelele, dawa ipo, nayo huanzia kwenye gari, si kwenye sikio. Pima upepo wa tairi kama mtengenezaji alivyoagiza. Tairi zilizolika upande mmoja huimba kuliko zilizolika sawasawa. Kagua mipira ya milango na vioo, kwani iliyopasuka hupitisha mluzi wa upepo. Weka zulia zito la mpira sakafuni. Punguza mwendo kidogo, nawe utasikia tofauti. Pumzika baada ya kila saa mbili. Na ekzosi ikianza kunguruma kuliko kawaida, usiifunike kwa kifaa chochote: ekzosi iliyotoboka huweza kuingiza ndani ya gari moshi wenye sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Mlio ule huweza kuwa onyo la kwanza utakalopata. Sikio la kufa halisikii dawa. Tusilinunulie kifaa cha kulisaidia lisisikie.

Namalizia na neno kwa wanunuzi, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Katika maduka yetu mtakuta maboksi yenye herufi ANC na mengine yenye herufi ENC. Msizichanganye. ANC ni ile teknolojia niliyoieleza, inayopunguza kelele unazozisikia wewe. ENC husafisha sauti yako unapopiga simu, ili yule wa upande wa pili akusikie vizuri. Masikio yako haiyapi utulivu wowote. Muuzaji anayekuuzia ENC kwa bei ya ANC anakupunja, hata kama boksi ni zuri.

Kabla ya kulipa, omba ujaribu. Vaa visikilizi bila kucheza muziki, simama karibu na gari lililowashwa, kisha washa na uzime kizuia kelele. Ngurumo ikishuka na kupanda waziwazi, kinafanya kazi. Isipobadilika, umeshikiwa plastiki tu. Tazama kama jina kwenye boksi limeandikwa sawasawa na lile lililo kwenye kifaa, kwa kuwa bidhaa bandia mara nyingi hujifichua kwa herufi moja iliyokosewa. Dai risiti ya EFD na maandishi ya dhamana yenye muda wake. Ukigundua kwamba umeuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa, na malalamiko yenye risiti husikilizwa upesi kuliko malalamiko matupu.

Na wewe dereva uliyeuliza swali, jibu langu ni hili. Nunua ukipenda, lakini uvitumie unapokuwa abiria, au nyumbani jioni baada ya safari. Ukiwa na usukani mikononi, viache katika boksi lake, hata kile kimoja, hata kile chenye hali ya kupitisha sauti za nje, kwa kuwa hali hiyo nayo hutegemea betri na kikokotozi kukuamulia unachopaswa kusikia. Simu ikiita, egesha kwanza.

Kelele ya barabara inachosha, sikatai. Lakini ndani yake mna honi ya mwenzako, mna nati inayolegea, mna sauti ya mtoto. Yule mama wa Mafinga aliketi kimya nyuma yangu akidhani ninasikia. Nawaomba, kesho mtakapoketi kwenye usukani, abiria wenu wakidhani hivyo, wawe hawajakosea.