Kwa nini klorokwini iliachwa?

Bila shaka unaikumbuka klorokwini, ile dawa chungu ya malaria. Kwa nini iliachwa? Kati ya vimelea vya malaria, vichache vilikuwa na mabadiliko ya kurithi yaliyoviwezesha kuistahimili. Dawa iliua vingine. Vile vichache vikabaki, vikazaana, vikaenea. Hayo ndiyo mageuzi ya viumbe.

Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, na miaka kadhaa baadaye vimelea vinavyouawa nayo vikarudi kwa wingi. Tanzania nayo iliiacha mwaka 2001. Leo tunatumia dawa mseto, maana kimelea hupata shida zaidi kuzishinda dawa mbili kwa mpigo.

Ili dawa hizi nazo zisishindwe, ukihisi homa, kapime kwanza. Ukipewa dawa mseto, maliza dozi hata ukipata nafuu.