Sikukuu za Bwana Katika Bonde la Mpunga: Tuanze na Majuma



Nimeombwa nizungumzie namna sisi tunaomwamini Yesu Masihi tunavyoweza kuadhimisha sikukuu za Kiyahudi zilizotajwa katika Mambo ya Walawi 23, kuanzia Pasaka hadi Vibanda. Wayahudi wa Kimasihi, yaani wanaomkiri Yesu kuwa Masihi, huzishika na kumwona yeye ndani yake: kifo chake katika Pasaka, kufufuka kwake katika Malimbuko, kushuka kwa Roho katika Majuma, ambayo ndiyo Pentekoste. Sisi watu wa Mataifa hatulazimiki. Mitume waliokutana Yerusalemu, Matendo 15, hawakututwika mzigo huo, na anayefundisha kwamba asiyezishika hataokoka anawapotosha watu. Tunazishika ili tujifunze.

Kuhusu Pasaka nitasema machache. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, na Wayahudi wakaacha kumchinja mwana-kondoo wa Pasaka. Basi nasi tusichinje mbuzi tukaiita ibada. Paulo amekwisha kusema kwamba Pasaka wetu ni Kristo. Chapati zisizo na hamira, mchunga uliochemshwa na uchungu wake, juisi ya zabibu: meza imetimia. 

Ninayotaka kuizungumzia zaidi ni Majuma. Huja siku ya 50, ukihesabu kuanzia siku ya Malimbuko, Mei au Juni. Mwaka 2026 inaanza jioni ya tarehe 21 Mei. Kwa Waisraeli ilikuwa sikukuu ya mavuno ya ngano. Hapa Namawala, bondeni kwetu, ni majira ya kuvuna mpunga: watu wamehamia shamba, mundu uko mkononi, watoto wako dunguni wakiamia ndege.

Sasa fungueni Mambo ya Walawi 23, aya ya 22. Mungu amekwisha kueleza sadaka za Majuma, na kabla hajafika kwenye Sikukuu ya Baragumu anaingiza agizo la shamba: usivune mpaka pembeni, wala usiokote masazo, mwachie maskini na mgeni. Agizo hilo limewekwa katikati ya orodha ya sikukuu, na mimi naamini ni sehemu ya sikukuu yenyewe. Tena sinagogi nyingi husoma kitabu cha Ruthu siku hiyo. Ruthu alikuwa Mmoabi, mjane, mgeni, akiokota masuke nyuma ya wavunaji katika shamba la Boazi. Katika uzao wake alitoka Daudi, na katika uzao wa Daudi, Masihi.

Ruthu wa bonde hili tunamjua. Ni kibarua aliyetoka mkoa mwingine, ni mjane aliyekodi nusu eka na maji yakaichukua. Tunaleta gunia la mavuno kanisani, na ni jema. Lakini gunia hilo maskini hulisubiri kwenye foleni. Masuke ya pembeni huyavuna mwenyewe, kwa mkono wake na kwa heshima yake.

Kwa hiyo naomba kila nyumba iliyo hapa iache ukingo wa jaruba moja bila kuvunwa msimu huu, na wazee wa kanisa watangaze mapema, kabla mundu haujaingia, ili wahitaji wajue pa kwenda.