Mila za Jirani

Maneno yangu ya leo ni juu ya utamaduni: ni kitu gani, na kwa sababu gani hutofautiana baina ya watu na watu. Mifano yangu naitoa Kinondoni na Temeke, pande za nje za mji wa Dar es Salaam, kwani huko watu wa makabila mengi hukaa chini ya paa moja.

Neno utamaduni asili yake ni Kiarabu, nalo lina shina moja na madina, yaani mji. Wengi wakilisikia hufikiri ngoma, mavazi na nakshi. Hayo ni sehemu yake, tena sehemu iliyo rahisi kuonekana. Katika Kijiji cha Makumbusho, kule Kijitonyama, mtu aweza kutazama msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo kwa muda wa saa moja. Lakini ni nani huamkiwa kwanza humo ndani, na nani hula na nani, kuta hazisemi. Utamaduni hasa ni mafunzo ayapatayo mtu kwa wazee wake tangu utotoni, hata akayaona kuwa ndiyo njia ya binadamu wote. Hatambui kuwa alifunzwa mpaka siku akutanapo na mtu aliyefunzwa namna nyingine.

Tutazame maamkizi. Mtoto wa pwani husema shikamoo, mkubwa akajibu marahaba. Mtoto wa Kimasai huinamisha kichwa, mzee akakigusa kwa mkono. Mwanamke wa Kisukuma hupiga magoti. Vitendo ni vitatu, na maana ni moja: heshima kwa mkubwa.

Tutazame tena posa. Wazaramo, wenyeji wa nchi hii, tangu asili wanahesabu ukoo kwa mama. Kwa hiyo mjomba ana neno kubwa katika kumwoza mpwa wake. Wachaga wanahesabu kwa baba. Basi kijana wa Kichaga akienda kuposa Temeke, akamwendea baba peke yake, mjomba huona amevunjiwa heshima. Kijana hakudharau mtu. Alifuata njia ya kwao.

Lakini palipo na uchungu zaidi ni msibani. Fikirini nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Akifa mpangaji Mwislamu wa pwani, jamaa zake hutaka azikwe siku ile ile au kesho yake, maana dini yahimiza haraka. Akifa mpangaji Mchaga, jamaa zake hukutana, huchanga fedha, na mara nyingi humsafirisha mpaka Kilimanjaro, akalale katika kihamba cha baba zake kati ya migomba. Hapo mmoja husema, "Mbona mwamweka maiti siku nyingi? Hamna huruma?" Na mwingine husema, "Mbona mwamzika upesi, hata mama yake hajafika?" Wote wawili wanamtukuza maiti, na kila mmoja amwona mwenziwe hana utu. Neno la namna hiyo, likisemwa mbele ya wafiwa, huvunja ujirani wa miaka mingi.

Wazee walikuwa na dawa yao, nayo ni utani. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walishuka pwani na misafara, wakapita nchi ya Wazaramo, wakawa watani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne hiyo hiyo. Baadaye nao wakawa watani. Mtani akija msibani hushika kazi za mazishi, tena hufanya mzaha ambao mwingine angeufanya angepigwa, na wafiwa wakacheka hali machozi yangali machoni. Tofauti haikufutwa, ilipewa kazi ya kufanya.

Siku hizi mji umekuwa mkubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 iliona watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na si kila mfiwa apataye mtani karibu. Kazi hiyo imewaangukia majirani: kutandika majamvi, kuandika michango katika daftari, kupika uani. Kiswahili ndicho kiwawezeshacho kuulizana.

Wala mila haikai kama jiwe. Wazaramo wengi ni Waislamu, na mjomba hakuondolewa mahali pake. Zamani mwali wao aliwekwa ndani muda mrefu. Shule imeufupisha muda huo. Zipo mila zinazostahili kuachwa, wala sisemi kila cha kale ni chema. Lakini atakaye kuihukumu mila ya jirani, na aulize kwanza: watu hawa, kwa tendo hili, wanamheshimu nani, au wanamlinda nani? Akipata jibu, ataweza kusema, na atasikilizwa.

Wahenga wamesema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mimi naongeza neno moja: ukisha kulifumba, fungua masikio.