Kazi ya Serikali Haikufungi Mdomo

 

Ndugu zangu vijana wa Kericho na Bomet, hasa wewe mwalimu, muuguzi au karani wa kaunti. Unalijua lile neno la kazini: "Unakula mshahara wa serikali, siasa achana nazo." Basi mtu anafuta alichoandika, anatoka kwenye grupu, ananyamaza.

Tuwe wakweli: katazo lipo. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, kifungu cha 23, inamzuia mtumishi wa umma kufanya shughuli za chama cha siasa, kuwa wakala wa mgombea, au kutangaza hadharani anamuunga nani ama anampinga nani kwenye uchaguzi. Na lina maana. Mama aliyebeba mtoto mgonjwa hafai kujiuliza muuguzi ni wa chama gani. Kazi ya umma ni amana.

Lakini angalia vizuri: kinachokatazwa hasa ni mambo ya chama na mgombea. Si ati kila neno la haki ni siasa. Uhuru wako wa kujieleza uko kwenye Katiba, Ibara ya 33. Ukiuliza mbona zahanati haina dawa, hujampigia mtu kampeni. Ukisema Wakipsigis na Watalai walinyang'anywa ardhi ambayo leo ni mashamba ya chai, umesema historia.

Sisi wa huku tunajua kunyamazishwa kukoje. Mwaka 1934 mkoloni alitunga sheria ya kuwahamisha Watalai tu, akawapeleka Gwassi, kwa kuogopa ushawishi wao. Neno halikufa. Mwaka 2022 madai hayo yalifikishwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Kwa hivyo bosi akikuita, usijibu kwa hasira. Muulize kwa adabu: nimevunja kifungu gani? Omba onyo kwa maandishi, weka nakala, kisha uende kwa chama chako cha wafanyakazi. Ibara ya 236 inasema mtumishi wa umma hafutwi, hashushwi cheo wala haadhibiwi bila utaratibu wa sheria kufuatwa.

Na wewe jichunge. Usitumie sare, gari wala simu ya ofisi kwa maoni yako. Usitukane, usisambaze usichokihakikisha. Ulimi nao ni amana, na tutaulizwa tulichosema na haki tuliyoificha.

Wabillahi tawfiq.