Njia ya Kuzunguka: Wanawake, Intaneti na Lango la Runinga



Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa hapa Urambo aliifunga njia ya misafara kati ya Unyanyembe, ilipo Tabora, na Ujiji. Wafanyabiashara waliokataa masharti yake walikwama Tabora na majora yao ya nguo. Mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta mmisionari Livingstone, akazunguka kusini kupitia Ukonongo, na Novemba akaingia Ujiji. Runinga nayo ni njia yenye mwenyewe. Mwanamke Mwafrika mwenye hadithi yake amesimama muda mrefu langoni pake.

Anne Kansiime, mchekeshaji, binti wa Kabale, Uganda, alilizunguka lango hilo. Alisoma sayansi ya jamii Makerere, akaigiza na kundi la Theatre Factory katika Ukumbi wa Taifa, Kampala, kisha katika kipindi cha MiniBuzz. Kutoka hapo akaanza kurekodi vichekesho vyake mwenyewe na kuvipandisha YouTube. Watu wakacheka, wakataka vingine. Ndipo Citizen TV ya Nairobi ikamfuata, ikampa kipindi chenye jina lake, Don't Mess with Kansiime. Kufikia Novemba 2014 video zake zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 15. Watazamaji walitangulia, mkataba ukafuata, na mimi naona siri yote imo katika mpangilio huo: anayeingia ofisini akiwa na watu wake haombi nafasi, anataja bei.

Huko Los Angeles, Issa Rae, ambaye baba yake ni daktari kutoka Senegal, alianza mwaka 2011 na tamthilia fupi za mtandaoni kuhusu msichana Mweusi mwenye haya. Fedha zilipomwishia aliomba mchango wa dola 30,000. Watazamaji wakatoa zaidi ya 56,000. Mradi wake wa kwanza na kituo cha ABC haukufika hewani. Hakurudi nyuma. Oktoba 2016 HBO ilianza kuonyesha Insecure, tamthilia yake iliyodumu misimu mitano.

Lakini njia ya kuzunguka nayo hutozwa ushuru. Julai 2018 Uganda ilianza kudai shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Mwaka huohuo kanuni zetu za Tanzania za maudhui ya mtandaoni zilidai shilingi 100,000 za maombi na milioni moja ya leseni. Fedha hizo, kwa binti wa mkulima wa tumbaku, ni msimu mzima wa kuamka usiku kuchochea moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Nasema wazi kwamba ada kama hizo zinanyamazisha watu wasio na hatia yoyote isipokuwa umaskini, na hao ndio wenye hadithi ambazo runinga yetu haijazionyesha.

Tena Kansiime hakuanzia kwenye simu. Alianzia jukwaani, mbele ya watu walionunua tiketi. Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri na vyama vya msingi vya wakulima ni dogo: fungueni ukumbi mmoja hapa Urambo jioni mbili kwa wiki, wekeni kamera moja na intaneti ya kulipiwa kwa pamoja, na wasichana waruhusiwe kuandika, kuigiza na kumiliki wanachokitengeneza.