Zimwi Likujualo: Mapenzi na Adui katika Kitabu cha Pili cha Fantasia ya Vijana



Miswada mingi ya waandishi chipukizi inayopita mikononi mwangu hukwama mahali pamoja. Kitabu cha kwanza kimekwenda vizuri: msichana amegundua kuwa ana uwezo usio wa kawaida, amependa, amesalitiwa, amenusurika. Kinapoanza cha pili, mwandishi anamtafutia adui mpya mwenye jeshi kubwa zaidi, na mpenzi mpya mwenye sura nzuri zaidi. Hapo hadithi inazimika. Ninachodai katika mada hii ni kwamba adui wa kitabu cha pili awe yule yule wa kwanza, na silaha yake kuu iwe yale aliyoyajua wakati alipokuwa anapendwa.

Tumelelewa na mfululizo wa namna nyingine. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa hutoka kitabu kimoja kwenda kingine wakikutana na kesi mpya na wabaya wapya. Riwaya ya upelelezi inaweza kuishi hivyo miaka mingi, maana hatumsomi mpelelezi ili tuone anakua. Msichana wa miaka kumi na saba tunamsoma kwa sababu hiyo hasa.

Lakini fasihi yetu ya kale inalijua jambo hili vizuri mno. Katika utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa hadhuriki kwa silaha za kawaida. Mfalme wa Pate anaacha kutuma askari, anamtafuta mwana wa Liyongo na kumwahidi cheo na binti yake. Mwana anakwenda kwa baba na kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumwua. Baba anamjibu: sindano ya shaba, kitovuni. Na anamjibu huku akihisi swali hilo limetoka wapi. Hakuna jemadari ambaye angeweza kuuliza swali lile akajibiwa. Aliyepewa jibu ni aliyependwa, na aliyemsukuma kwenda kuuliza alimvuta kwa ndoa.

Sasa tuone jambo hilo katika riwaya ya vijana ya siku hizi. Leigh Bardugo wa Marekani alitoa Shadow and Bone mwaka 2012 na mwendelezo wake, Siege and Storm, mwaka 2013. Nchi yake ya kubuni, Ravka, ameifinyanga kwa sura ya Urusi ya wafalme. Alina ni yatima anayegundua kuwa anaweza kuita nuru. Darkling, mkuu wa jeshi la wenye vipaji, ni bwana wa giza. Katika kitabu cha kwanza anamchukua, anamthamini, anambusu. Kisha anamvisha shingoni kola ya pembe za paa wa ajabu, na kwa kola hiyo anautawala uwezo wake. Kola ile ndiyo fundisho lote. Mwandishi hakuhitaji kutuhubiria kuhusu mapenzi yanayomiliki. Ameyaweka shingoni mwa msichana, na hayavuliki.

Kitabu cha pili kinaanza Alina na Mal, rafiki yake wa utotoni na sasa mpenzi wake, wakijificha ng'ambo ya bahari. Wanakamatwa mapema sana, na naona huo ni uamuzi wa mwandishi shupavu: hakutupotezea kurasa mia kwa fukuza fukuza. Darkling amerudi na viumbe vya kivuli ambavyo nuru haiviui kirahisi. Kinachotisha zaidi, hata hivyo, si viumbe hivyo. Alina anarudi mji mkuu, anapewa jeshi la kuongoza, na ndani ya kasri anaanza kumwona Darkling chumbani mwake. Watu wengine hawamwoni. Hana haja ya kumpigia kelele wala kumtisha. Anamwambia kwamba wenye uwezo kama wao huishi miaka mingi, Mal atazeeka na kufa, na duniani watabaki wawili tu wanaofanana.

Angalieni ufundi wake. Maneno ya adui ni ya kweli. Alina kweli anazidi kuwa mbali na Mal. Kweli anaitamani nguvu zaidi. Ili aipate, safari hii amevaa magamba ya joka la bahari mkononi na hakulazimishwa. Naye Mal, mwema wetu, hana mahali katika kasri: anakunywa, anapigana ngumi na wenye vipaji, anaumia na kumuumiza mwenzake. Kuna pia Nikolai, mwana wa mfalme, anayetaka ndoa ya kisiasa na Alina na anasema hivyo waziwazi. Wengi husema hapa pana wanaume watatu wanaogombea msichana mmoja. Mimi naona maswali matatu: atakuwa mke wa mtu wa kawaida, malkia, au zimwi? Kila penzi ni njia ya maisha, na adui ndiye anayeielewa ile ya tatu kuliko yeyote.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Darkling hamli Alina akaisha, anataka abaki ili awe wake. Ndiyo maana mwisho wa kitabu Alina anapojaribu kummaliza, anautumia uzi wa nguvu unaowaunganisha na nusura afe pamoja naye. Anatoka akiwa na nywele nyeupe na nguvu zimemtoka.

Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alichagua njia nyingine katika Children of Virtue and Vengeance ya mwaka 2019. Zélie alimpenda Inan, mwana wa mfalme aliyewatesa watu wa Zélie, na Inan akamsaliti. Katika kitabu cha pili Inan ndiye mfalme, na anasimulia sura zake mwenyewe. Darkling tunamjua kwa macho ya Alina tu. Inan tunaingia kichwani mwake, tunaona anavyotaka amani na kila mara anaidhuru. Uoga wetu unapungua, huzuni inaongezeka. Mimi binafsi naona Adeyemi amelipia gharama: wapenzi hawa hukutana kwa nadra mno, na chuki ya Zélie hubaki palepale kurasa nyingi. Alichofanikiwa sana ni Amari, dada wa Inan. Anapendwa na Tzain, kaka wa Zélie, anataka haki, na kidogo kidogo anaanza kuamua mambo kama baba yake, hadi kuona maisha ya kijiji ni bei inayolipika. Upendo wa Tzain haumzuii. Uovu huo umelelewa nyumbani, na hauna pembe.

Najua hofu ya wazazi na walimu: kwamba adui mtanashati atawafundisha mabinti kuvumilia ukatili. Hofu hiyo naiheshimu, maana wasomaji wengi kweli walimpenda Darkling kuliko Mal. Lakini kumfanya adui awe na sura mbaya na harufu mbaya ni kumdanganya binti. Atakayemdhuru huenda akawa mpole, msomi, mwenye kumsikiliza. Kinachotakiwa ni gharama ionekane ukurasani. Bardugo hakuficha: Darkling amempofusha mama yake mwenyewe, na Genya, aliyemwachia Alina aende zake, uso wake umeraruliwa kwa amri ya Darkling. Mwandishi anayemremba adui na kuficha waliojeruhiwa hana hoja mbele ya mzazi.

Kwa zoezi la mchana, kila mmoja achukue adui wa muswada wake aandike ukurasa mmoja wa mazungumzo baina yake na shujaa. Asitaje vita, kiti cha enzi wala uchawi. Amwambie jambo moja la kweli ambalo mpenzi wa shujaa halijui. Kisha tusomeane, tuone shujaa anajibu nini.