Mlango wa Hoteli Umwangalie Anayetembea



Tumeombwa tuseme machache juu ya hoteli za chipsi na kuku zinazozidi kujengwa mijini. Hatukuja kuzipinga. Zinaajiri vijana wetu, na mtu akitoka kazini amechoka hupata chakula upesi. Swali letu ni moja: zinajengwa kwa kumfikiria nani?

Mtindo wa kumwuzia mtu chakula akiwa ndani ya gari ulitoka Marekani. McDonald's walifungua dirisha lao la kwanza la namna hiyo mwaka wa 1975 huko Sierra Vista, Arizona, kwa sababu wanajeshi wa kambi ya karibu hawakuruhusiwa kushuka garini wakiwa na sare za kazi. Lilikuwa na sababu yake. Lakini dirisha kama hilo linataka magari yaingie na kutoka siku nzima, yakikata njia ya watembea kwa miguu. Mwaka wa 2019 mji wa Minneapolis, huko huko Marekani, ulipiga marufuku madirisha mapya ya aina hiyo. Hoteli zenyewe hazikukatazwa.

Sasa sisi, ambao wengi wetu twaenda kwa miguu, mbona tujenge kama kwamba sote tuna magari? Hoteli ikiwekwa nyuma ya uwanja wa magari, mama mwenye mtoto mgongoni hulazimika kupenya kati ya magari yanayorudi nyuma.

Tunapendekeza hivi. Kwanza, mlango uangalie barabara, magari yaegeshwe nyuma. Pili, lango la magari liwe moja, tena jembamba. Tatu, anayebeba chakula auziwe dirishani, na foleni isizibe njia. Nne, pikipiki za kupeleka chakula zipewe mahali pake. Tano, karai la mafuta ya moto lisikae mahali watoto wanapopita.

Mwenye hoteli atasema atapoteza wateja. Hebu simameni naye sokoni jioni mhesabu: wanaopita kwa miguu ni wangapi, na wenye magari ni wangapi?

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Mkisikia hoteli inataka kujengwa, nendeni ofisi ya mipango ya kaunti mkaulize: mlango uko wapi, na magari yatapitia wapi? Samaki mkunje angali mbichi; ukuta ukishasimama, kuubomoa ni kesi.